Alama Juu ya Simu ya Mama

Mimi kompyuta hainitishi. Nimechapa risala za harusi, mikataba ya viwanja na barua za watu waliogombana karibu nusu ya mtaa wetu wa Ngokolo, na mashine ikiniletea ubishi na mimi nailetea wangu mpaka inyooke. Lakini siku ile niliiogopa. Niliogopa isije ikakataa, na niliogopa zaidi isije ikakubali.

Asubuhi mtoto wa shangazi alinipigia kutoka machimboni, upande wa Geita, ambako alikuwa akichimba duara moja, yaani shimo la dhahabu, na mdogo wetu wa mwisho, mtoto wa kiume pekee wa mama.

"Dada, duara limetitia," alisema. "Matimba yote yamevunjika, zile nguzo za kuzuia udongo. Kuna mtu wamemtoa, uso wote tope. Mimi siwezi kusema, dada, macho yangu yanakataa. Nimerusha picha kwenye kundi la familia. Iangalieni nyie, mniambie kama ni wetu au..."

Simu ikakata. Nikapiga, haikuita. Nikapiga tena, nayo ikaniambia hakuna mtandao. Nilipochungulia nje, mtaa mzima ulikuwa hivyo hivyo. Watu wametoka barazani, wameinua simu juu, wanageuka huku na huku na kuulizana kama na kwako haupo. Upande wa magharibi, huko huko Geita, wingu jeusi lilikuwa limesimama tangu jana yake. Halinyeshi, haliondoki. Upepo ulikuwa unatuletea vumbi tu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa kasimama mlangoni, amesikia yote, maana simu yangu ina kelele.

"Ni yeye?" akauliza.

"Nimemwona wapi mimi? Picha haijaingia!" nikamfokea. Nikishikwa na hofu nafoka, ndivyo nilivyoumbwa. "Na punguza sauti, mama yuko jikoni."

Waswahili husema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Kwetu sisi mfiwa, hasa akiwa mama mzazi, ndiye wa mwisho kuambiwa. Kwanza wanajua wanaume wa ukoo. Kisha wanaitwa kina mama wa jumuiya ya kanisani, wanaingia mmoja mmoja kana kwamba walikuwa wanapita tu kusalimia, wanakaa naye mkekani, huyu kulia, yule kushoto. Hapo ndipo mzee mmoja anapoanza kwa mbali: kijana aliumia kidogo, tukamkimbiza hospitali, hali ikawa si nzuri. Mpaka neno lenyewe lifike, mikono ya kumshika iko tayari. Baba alipofariki ilifanyika hivyo, na bila ile mikono mama angejipigiza ukutani. Kwa hiyo nilitaka niione picha ile kabla yake. Kama ni mdogo wetu, mambo yaende kwa utaratibu wake. Kama siye, mama asijue hata kwamba tulitetemeka.

Shida ni kwamba mama naye yumo kwenye kundi. Msimamizi wa kundi ni huyo huyo mdogo wetu wa machimboni, peke yake, na aliyeirusha hapatikani, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kuifuta picha kabla haijawafikia watu. Hata simu ya mama aliiseti yeye, picha ziwe zinaingia na kufunguka bila mama kuhangaika kubonyeza. Kilichomkinga mama asubuhi ile ni kukatika kwa mtandao tu. Nilimshukuru Mungu kwa mtandao kukatika, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani.

Kompyuta yangu ilikuwa na intaneti. Jirani yetu mwenye nyumba ya wageni, ambaye namchapia matangazo yake, alinivutia waya kupitia dirishani, na waya ule ulikuwa mzima, kurasa zinafunguka kama kawaida. Lakini kundi la familia liko kwenye simu, na simu yangu haina pa kuchomeka waya ule. Ningeweza kwenda kuomba waifai kule mapokezi kwake. Sasa nani akaifungue picha ya namna ile mbele ya wageni wanaokunywa soda? Ilibidi kompyuta igawe intaneti yake kwa simu yangu, humu humu sebuleni, mlango umefungwa. Simu ya mdogo wangu ni kiswaswadu, ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu.

Nikawasha hotspoti kwenye kompyuta. Simu haikuiona. Nikazima, nikawasha, wapi! Nikakumbuka simu yangu ni ya zamani, haisomi yale masafa ya kasi ambayo kompyuta inapenda kurushia. Nikashusha masafa, jina likajitokeza kwenye simu. Nikataka kuandika paswedi. Ala! Kioo cha simu yangu kimepasuka upande mmoja, na herufi za upande huo ukizigusa hazishiki. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma.

"Jaribu kwa kucha," mdogo wangu akasema.

"Njoo ujaribu wewe, fundi!" Akaanza kulia kimya kimya, nikajuta.

Mlango ukagongwa. Tukaruka wote wawili.

"Mbona mmejifungia?" Ilikuwa mama.

"Tunatengeneza mtandao, mama."

"Ntandao," alisema kwa Kiswahili chake cha Kisukuma. "Mnaifokea hiyo kitu kama ina masikio. Mdogo wenu hajapiga tangu Jumapili, mnajua?"

"Ni huo huo mtandao, mama."

"Unakata tangu Jumapili?"

Akasimama kidogo pale nje, kisha tukasikia kandambili zake zikirudi jikoni.

Hapo ndipo akili ikanijia, na niliiona akili kweli. Mwaka ambao mdogo wetu alipata mawe mazuri, alituletea ruta ya waifai. Aliipa jina la kijiji chetu, na paswedi akaweka jina la ng'ombe wa kwanza wa baba. Kila ndugu aliyewahi kulala kwetu aliingizwa. Mama hasomi maandishi madogo, lakini alifundishwa ile alama ya vipinde inayotokea juu ya simu, na kila ikitokea alikuwa anatangaza jikoni, "Imeshika!" Mvua zilizopita radi iliipiga ruta, ikafa. Mdogo wetu akamwahidi mama kwamba safari hii akirudi anakuja na nyingine. "Utaiona alama yako, mama, kabla hata mimi sijasema hodi." Mama alikuwa akiisimulia ahadi hiyo hata kwa muuza mkaa.

Simu yangu ilikuwa bado inaikumbuka ruta ile. Nikaona, ya nini kuandika paswedi kwenye kioo kibovu? Nikaingia kwenye kompyuta, nikaibadilisha hotspoti jina, nikaiita jina la kijiji chetu. Paswedi nikaweka jina la ng'ombe. Nikaiweka simu mezani bila kuigusa, tukaitazama. Ikashika yenyewe.

"Umeona?" nikamwambia mdogo wangu. Nilijisifu, siku kama ile.

Chini ya lile jina simu ikaandika: imeunganishwa, hakuna intaneti. Nilitaka kuitupa ukutani. Kumbe kompyuta, kwa ujinga wake, ilikuwa inagawa intaneti ya modemu ya zamani iliyochomekwa nyuma, ambayo bando lake liliisha zamani, badala ya ile ya waya. Mtu anakugawia sufuria tupu na chakula kiko pembeni. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua waya. Kidole kikabaki juu ya kitufe. Nilijua nikibonyeza, kwa dakika hiyo ama nina mdogo wa kiume ama sina. Nikabonyeza.

Simu ikalia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe, wa tangu asubuhi. Nikaiziba kwa mto wa kochi ili mama asisikie. Kisha nikafungua kundi. Picha ikaja na ukungu kwanza, halafu ikatulia.

Mtu amelazwa juu ya turubai. Uso haukuwa na kitu cha kumwambia mtu yeyote, tope tupu. Lakini mkono ulikuwa umeoshwa na maji, umelala kifuani, na kidole cha shahada kimepinda kuelekea kwenye dole gumba. Alikivunja utotoni, alipoanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na mama ndiye aliyekifunga kwa kipande cha kanga na kijiti kwa kuwa zahanati ilikuwa mbali. Kikapona vibaya. Tulimtania kwa kidole kile miaka yote, kwamba akikuelekeza njia utapotea.

Tulishikana mimi na mdogo wangu, tumeng'ata nguo zetu ili sauti isitoke. Yesu na Maria, mtoto mdogo namna ile. Kisha nikajifuta uso, kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

"Panda bodaboda uende Ibadakuli," nikamwambia. "Mwambie baba mkubwa aje, na awaambie watu wa ukoo. Ukipita, mwambie na mama mwenyekiti wa jumuiya awakusanye wenzake. Waje taratibu. Wasije na kilio."

Akatoka kwa mlango wa mbele. Mimi nikanawa na kwenda jikoni, maana mtu mmoja ilibidi akae na mama.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ametazama moto. Simu yake ilikuwa kwenye ukingo wa dirisha, imelazwa kifudifudi. Nikaiangalia nikasema moyoni, kaa hivyo hivyo, laini imekufa, huna madhara.

"Mhola, mama?" nikauliza, kwa kuwa sikuwa na la kusema. Hujambo, ndiyo maana yake.

"Mhola duhu," akajibu. Salama tu. Hakugeuka. "Nishushie ile sufuria kubwa, mayu." Mayu ni mama, ndivyo anavyotuita mabinti zake.

"Kubwa hiyo ya nini? Tuko watatu."

"Mvua inakuja. Watu watakwama hapa kwetu."

Nikaishusha, ile ambayo hatukuwa tumeitumia tangu msiba wa baba. Akaijaza maji mwenyewe, akasogeza kuni. Kisha akaingia chumbani, akarudi amebadilisha nguo, amejifunga kanga kiunoni kwa nguvu. Akatandika mkeka ukumbini na kukaa katikati yake, miguu ameinyoosha. Niliona hayo yote kwa macho yangu haya. Nilikuwa nimeshughulika mno kuuficha uso wangu, sikuusoma wa kwake.

Kina mama wakaanza kuingia. "Tulikuwa tunapita," alisema mwenyekiti. Mama akawasogezea nafasi, mmoja kulia, mmoja kushoto. Baba mkubwa akafika amevaa koti lake la misibani ingawa joto lilikuwa kali, pamoja na ndugu wengine watatu. Mama akamsalimu vizuri. Nje wingu lilikuwa limetufikia, nyumba ikawa giza mchana.

"Shemeji," baba mkubwa akaanza, "hawa vijana wetu wana kazi ngumu. Nimeletewa habari kwamba mtoto aliteleza huko kazini, akaumia kidogo..."

Simu ikalia kwenye koti lake. Akaipuuza. "Akaumia kidogo, wenzake wakamsaidia..." Simu ikalia tena, kisha ikalia ya ndugu aliyekaa karibu naye, kisha ya yule aliyesimama mlangoni, kisha zote kwa pamoja. Mtandao wa mtaa ulikuwa bado haupo. Nikageuka kuitazama kompyuta yangu kule sebuleni, taa yake ya kijani inawaka na kuzima, ile hotspoti yenye jina la kijiji chetu niliyoiacha wazi. Simu zao zote ziliwahi kulala nyumba hii. Nikakaa chini.

Baba mkubwa akapeleka mkono mfukoni.

"Usihangaike, shemeji," mama akasema. "Hiyo ni picha. Mimi nimeshaiona."

Baba mkubwa akautoa mkono mfukoni, mtupu.

"Nilikuwa jikoni," akaendelea, sauti yake ya kila siku. "Nikaona alama yangu imetokea juu ya simu. Nikasema, mwanangu amefika, ameleta kile kifaa. Nikatoka mpaka getini kumpokea. Hakuna mtu. Nikarudi, nikaifungua simu nione kama ameandika yuko wapi. Nikaona kidole chake."

"Mama," nikasema. "Tangu saa ile? Mbona hukulia?"

Akanitazama, na hakuwa na hasira hata chembe.

"Ningelia na nani, mayu? Jikoni nilikuwa peke yangu. Nani angenishika?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona wapo. Kisha akalia.