Dobi wa Nyuzi Nne

Shemeji yangu ni dobi wa hospitali, na kwa sababu hiyo kila mtu anamwita Dobi, hata dada yangu aliyeolewa naye. Chumba chake cha kazi kiko chini kabisa ya jengo, mahali ambapo wagonjwa hawafiki na madaktari hawana sababu ya kufika. Kuna mashine kubwa zilizofungwa sakafuni kwa nati, kuna mvuke, kuna harufu ya sabuni inayomfuata mtu mpaka nyumbani. Shuka zikishakauka lazima zikunjwe na watu wawili: mnashika pembe, mnakutana katikati, mnarudi nyuma, mnakutana tena. Dada yangu ndiye aliyekuwa mwenzake wa kukunja. Watu wakikutana katikati ya shuka mara nyingi namna hiyo, mwishowe wanaoana. Mimi sikushangaa.

Jioni Dobi alikuwa mpiga besi wa bendi ya roki. Mimi na yeye hatuishi kutaniana. Nikimkuta sebuleni amelipakata gitaa lake, namuuliza zile nyuzi mbili zilikatika lini, maana mwenzake wa solo ana sita na yeye ana nne. Yeye hujibu, "Nimemwachia mwenye kelele, shemeji." Siku moja nilimuuliza kwa nini jukwaani anajibanza nyuma karibu na dramu kama mtu anayejikinga mvua. Akasema pale ndipo anapouona vizuri mguu wa mpiga dramu. "Ukikimbia, naubana. Ukichoka, nausukuma." Niliona ni maneno ya kujifariji. Kwenye picha ya bendi iliyobandikwa mlangoni mwa ukumbi, kilichoonekana cha Dobi ni kiwiko.

Mwimbaji wao nilimpachika jina la Koromeo, kwa kuwa akiimba ndilo linalofanya kazi kuliko kichwa. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kujisikia, na sauti anayo, hilo simnyimi.

Walipomaliza kurekodi wimbo wao wa kwanza, Koromeo aliuleta kwenye simu hadi gereji wanamofanyia mazoezi. Sauti ya simu haikutosha, wakaitumbukiza simu kwenye bilauri tupu ili ivume, kisha wakainamisha vichwa wote kama watu wanaochungulia kisima. Wakasikia sauti ya Koromeo, wakasikia solo, wakasikia dramu zikilia kama bati. Besi hawakuisikia. Ilikuwamo, bila shaka, lakini spika ya simu ni ndogo kuliko kifungo cha koti, na sauti nzito haipiti pale. Watu waliokula chumvi ya kutosha kwenye muziki walipaswa kulijua hilo. Wakalisahau kwa pamoja, na Dobi akiwamo.

"Mmeona?" Koromeo akasema. "Wimbo umejaa wenyewe. Kaka, usinielewe vibaya, wewe ni mtu wetu. Ila pumzika kidogo, tujaribu tukiwa watatu. Kusema kweli, besi nani anaisikia?"

Mpiga solo akaangalia viatu vyake. Mpiga dramu akafungua mdomo, akaufunga. Dobi akaliegemeza gitaa lake ukutani, akaja nyumbani.

Nilikuwapo mezani alipotueleza. Alisema, "Wamenipumzisha," akajipakulia chakula. Dada akaweka kijiko chini. Dobi akamuuliza kama yeye huwa anamsikia wakipiga.

"Nakusikia," dada akasema.

"Wewe ni mke wangu." Akanigeukia mimi. "Shemeji, wewe huna huruma. Hebu sikiliza, useme."

Akanipa simu yake. Nikaibana sikioni, nikausikiliza wimbo wote mpaka ukaisha. "Sikusikii, shemeji," nikamwambia, kwa sababu sikumsikia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa sawasawa, akaendelea kula.

Kilichomkata maini hakikuwa kupumzishwa. Alianza kuamini kwamba miaka yote ile alikuwa akipiga peke yake, na kwamba wenzake walimvumilia tu kwa kuwa ni mpole na anajua kukunja nyaya. Dada aliniambia kuwa hata kazini alipwaya. Wakikunja shuka anafika katikati kabla ya wakati au amechelewa, pembe zinatoka upande, wanaanza upya. Dada akamwambia ajikaze kisabuni. Akajibu kuwa sabuni anaijua vizuri, huwa inaisha.

Kisha Koromeo akapiga simu. Walikuwa na onyesho Jumamosi alasiri kwenye ukumbi mkubwa kuliko wote waliowahi kupigia, na hakuna aliyejua waya upi unaingia wapi. Je, kaka angeweza kuja kusaidia? Kaka akakubali. Mimi damu ilinichemka.

"Wamekutimua, halafu unakwenda kuwafungia nyaya?"

"Nyaya hazijanikosea," akasema.

Tukaenda naye kwa teksi, mimi na dada. Aliyepakia vyombo kwenye gari la bendi alikuwa amezoa kila kitu kilichokuwa gerejini, kwa hiyo gitaa la besi nalo lilikuja, likawekwa nyuma ya jukwaa kwenye mfuko wake. Dobi akaliona, akalipita. Akafunga nyaya, akazijaribu, akaja kukaa nasi safu ya mwisho.

Bendi ikaanza. Spika zilikuwa ndefu kama makabati, na sauti iliyotoka mle ilikuwa nyembamba, imejaa makelele lakini haina uzito. Mpiga dramu alianza vizuri, kisha akaenda mbio, mpiga solo akamfukuza, Koromeo akabaki nyuma akimeza maneno ili awafikie. Wimbo wa pili ukawa hivyo hivyo. Mimi si mjuzi wa muziki. Nilikaa nikingoja kitu fulani kiingie, kama mtu aliyewekewa chai isiyo na sukari na bado hajajua shida ni nini. Watu waliokuwa wamesimama mbele wakaanza kupiga soga, wengine wakatoka nje kupunga upepo. Kando yangu vidole vya Dobi vilikuwa vikitembea juu ya paja lake. Dada akavitazama, na mimi nikavitazama. Hapo ndipo nilipoelewa ninachokingoja.

Wakati wa mapumziko Koromeo alitushukia jasho likimtiririka. "Kaka, spika hizi mbovu. Hebu ziangalie."

Dobi akaenda, akaweka kiganja juu ya kila spika huku mpiga solo akigusa nyuzi, akarudi. "Spika nzima."

"Sasa tatizo nini?"

Aliyejibu ni mpiga dramu, aliyekuwa amemfuata Koromeo nyuma. "Tatizo ni kwamba sijui pa kukanyaga. Asipopanda huyu, mimi sipandi."

Koromeo akatazama ukumbi uliokuwa unazidi kupungua. "Haya, ashike gitaa lake, tusipoteze muda."

Wakapanda wote wanne. Koromeo akashika kipaza sauti, akatabasamu. "Samahani sana, ndugu zangu. Kipindi cha kwanza spika zilikuwa na hitilafu. Sasa fundi ameshazitengeneza!"

Watu wakapiga makofi. Spika zikapigiwa makofi, nikiona kwa macho yangu. Dada akainuka, nikamvuta gauni akakaa.

Kisha Dobi akaingia. Nilimsikia kwanza kwenye kiti, halafu tumboni, na mwisho kabisa masikioni. Mpiga dramu akatulia, mpiga solo akapata mahali pa kuegemea, hata Koromeo akaimba kama mtu aliyeshiba. Waliokuwa nje wakarudi bila kuitwa. Sakafu ikajaa. Mimi nisiyecheza hata harusini nilijikuta nimesimama, na nilikuwa na furaha na hasira kwa wakati mmoja. Dada alikuwa analia waziwazi wala hafuti machozi. Dobi alikuwa ameukazia macho mguu wa mpiga dramu kama kawaida yake. Mara moja tu aliinua uso, akaiona ile sakafu, meno yote yakawa nje.

Onyesho lilipokwisha watu walimzonga Koromeo kumpa mkono. Mmoja alimsifu kwamba kipindi cha pili aliimba vizuri zaidi, akashukuru. Alipopata nafasi akamjia Dobi, aliyekuwa amepiga magoti akikunja nyaya.

"Kaka, Jumatano mazoezi, kama kawaida."

Nilimjua shemeji yangu, nilijua neno analolipenda kuliko yote ni "sawa."

Dobi akamaliza kuukunja waya wa mwisho, akamkabidhi mkononi. "Mazoezi ya nini tena?" akasema, bila kupandisha sauti. "Spika si zimeshapona?"

Akatia gitaa lake kwenye mfuko, akalivaa begani, akatuambia twende. Koromeo alibaki ameushika waya. Tulipofika mlangoni tukasikia mtu anakuja mbio nyuma yetu. Alikuwa mpiga dramu, amekumbatia ngoma zake, anauliza kama kwenye teksi yetu kuna nafasi.