Waliokuja kwa Miguu

Miaka ile ya wakimbizi niliuza chai na maandazi kando ya barabara ya kuingia kambi ya Lukole, karibu na mpaka wa Burundi, na vita vyote vya ng'ambo ya mpaka vilipiganwa kwenye benchi langu. Mume wangu, dereva wa lori la mahindi ya msaada, alikuwa jemadari wa upande mmoja. Mjomba wangu, aliyerudi na mguu mbovu kutoka vita vya Uganda, alikuwa jemadari wa upande wa pili. Ubishi wao ulikuwa uleule kila asubuhi: hawa waasi wa Burundi wanaovuka na kujificha kwetu, helikopta zinatosha kuwamaliza, au lazima waende askari wa miguu?

“Helikopta mbili tu,” mume wangu alisema, andazi mdomoni. “Rubani anaona kila kitu toka juu.”

“Anaona nini? Anaona migomba!” mjomba alifoka. “Vita ni miguu, bwana.”

Mimi nilikuwa nachemka kuliko birika. Waasi wenyewe walikuwa wanakula kwa mama yangu. Mama yangu mzazi, mjane, nyumba yake ya mwisho kabisa bondeni karibu na mpaka, katikati ya migomba kama nyumba zetu zote, hata ukisimama mlimani huoni bati. Walikuja jioni, bunduki wamezikunjia ndani ya mikeka, wakimwamkia kwa adabu, maana Kirundi chao na Kihangaza chetu ni ndugu. Wakaomba ndizi na maharage. Utawanyima? Wewe ungewanyima? Mama alipika. Kuna siku helikopta ilipita chini chini, mama akaipungia mkono, na mmoja wa wale wanaume, jembe begani, akaipungia pia. Mama alinisimulia hilo bila kucheka.

Kwa hiyo askari wetu walipoteremka bondeni kwa miguu, nilipiga vigelegele. Mjomba alichechemea kwa maringo siku nzima. “Nilisema! Sikusema?” Waasi walitoweka. Mama aliwapokea askari kama wanawe, akawachemshia ndizi. Mkuu wao, kijana mwenye heshima zake, alipouliza wale watu walikuwa wanavukia wapi, mama alitangulia mbele mwenyewe, mchana kweupe, akawafikisha hadi kwenye kivuko cha mto, kijiji kizima kikitazama. Nilijivunia. Jamani, nilijivunia!

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa askari hawakungoja jembe. Maharage hayajakauka shambani, wakahamishiwa Biharamulo, maana huko msituni mabasi yalikuwa yanatekwa. Jioni ileile mama alisikia sauti nyuma ya migomba, sauti ya mtu aliyewahi kula kwake: “Mama, wageni wako wameondoka?” Haikusema zaidi. Mama alichukua mkeka na kuku mmoja, akaja kwangu. Mbuzi na maharage vikabaki kulekule.

Na wanaume wangu wawili, mama amekaa pale pale kwenye benchi, wakaanza tena! Mjomba akasema, unaona, miguu ilifanya kazi. Mume wangu akasema, unaona, miguu imeshindwa, wangeleta helikopta. Loo! Niliwanyang'anya vikombe mikononi.

“Adhabu ya kaburi aijuaye maiti,” nikawaambia. “Mmoja wenu akalale kwa mama leo, halafu kesho aje anifundishe jinsi ya kushinda vita!”

Mjomba akashika fimbo yake. Mume wangu akasema lori linamsubiri.

Baadaye askari wale walirudi, wakazunguka bondeni siku kadhaa, kisha ukaitishwa mkutano kwenye uwanja wa shule. Mkuu wao akatangaza kwamba eneo lote ni salama, waliokimbia warudi makwao wakavune. Watu wakapiga makofi, na wengi waliopiga kwa nguvu walikuwa wale wanaokaa juu huku barabarani. Mama akanyoosha mkono.

“Shikamoo, mama,” mkuu alisema. Alikuwa amemkumbuka.

“Marahaba, mwanangu. Leo utalala kwangu?”

Watu wakacheka. Naye akacheka, akidhani anakaribishwa. “Hapana, mama yangu. Jioni hii tunaondoka.”

“Na kesho?”

“Kesho tutakuwa mbali.”

“Haya,” mama alisema. Hakupandisha sauti. “Mimi nilikuonyesha pa kuvukia, watu wote wakiniona. Sasa na wewe nionyeshe pa kulala.”

Mkuu aliacha kucheka. Akamtazama mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti akatazama majani, na mkutano ukafungwa.