Mjohoro Mmoja wa Stesheni ya Manyoni

Miti kumi na minne ya bustani ya stesheni ya Manyoni inakatwa wiki hii. Uwanja umegawiwa wafanyabiashara wajenge vibanda. Kumi na mitatu itaanguka. Mmoja utabaki.

Saa moja asubuhi mashoka yanalia. Melkizedeki, mwenye miaka hamsini na sita, amechuchumaa kwenye mjohoro wa pembeni, upande wa reli, akiupaka chokaa kwa brashi ya katani.

"Shikamoo, mzee," anasema Antipasi, fundi seremala, shoka begani.

"Marahaba."

"Unaupaka poda? Unauoza leo?"

"Nimeuoa mwenyewe."

Vijana wenye mashoka wanaangua kicheko. "Na mahari?"

"Kamuulizeni mke mkubwa."

Melkizedeki alitoka Mgori akiwa kijana, akaajiriwa kumwagilia maua ya stesheni. Enzi hizo treni ya abiria ikisimama, watu walishuka kunyoosha miguu kwenye kivuli cha miti hiyo. Kila mwaka alipaka mashina chokaa hadi kiunoni, kama walivyofanya wenzake kwenye stesheni nyingine. Aliyekanyaga majani alikula fimbo.

Mwaka 1996 alipunguzwa kazini. Kiinua mgongo kikanunua ng'ombe na mabati. Kesho yake alfajiri akaonekana bustanini, anafagia.

"Mikono ilishazoea," anasema. "Ningeipeleka wapi?"

Kisha zikaja mvua za Elnino, na nyuma yake kipindupindu. Vilabu vya pombe vikafungwa. Mama ntilie wakazimiwa majiko. Watu wakakatazwa kujazana majumbani, hata kwenye misiba. Waliochoka kukaa ndani wakaanza kuja bustanini, mmoja mmoja, halafu mji mzima.

Hapo ndipo yalipozuka mambo. Melkizedeki alikuwa amepaka miti sita tu, chokaa iliyobaki ikachukuliwa kumwagwa vyooni. Watu walishaambiwa chokaa inaua ugonjwa. Basi wakabanana chini ya ile sita myeupe. Wengine waliona heri jua la utosi kuliko kivuli cha mti usiopakwa.

"Bwana afya alifoka mpaka sauti ikakauka," Melkizedeki anakumbuka, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "'Nani kawaambia mti unaharisha?' Hakuna aliyeinuka. Nikamwambia, mkubwa, usibishane nao. Nipe debe moja la chokaa, watatawanyika wenyewe."

Alipewa. Jioni ile miti yote ilikuwa myeupe, kila familia na mti wake. Shikamoo zikatolewa kwa mbali, mkono juu. Fimbo akaitupa, na hajaiokota tena.

"Sisemi ugonjwa urudi, Mungu apishie mbali. Lakini mji huu ulikaa pamoja. Siku hizi ruksa kila kitu, ila ukikaa kidogo tu unaulizwa unanunua nini."

Mjohoro wa pembeni una habari yake. Stefano, kaka wa mkewe Febronia, alifia kambi ya wagonjwa. Watu wa afya walimzika wenyewe. Ndugu hawakumwosha wala hawakumwona.

"Kaburi sikuonyeshwa," anasema Febronia, aliyemletea mumewe uji. "Nilikaa hapa chini, siku tatu nalia. Kwangu kaburi ni hapa."

Viwanja vilipotangazwa, Melkizedeki alipanga foleni na wafanyabiashara, akaomba kile chenye mti huo. Akakipata, akakilipia kama wao. Sharti ni kwamba kiwanja kisichofanyiwa biashara kinarudi.

"Nitazungushia benchi shina lake, niuze kahawa," anasema. "Asiye na hela akae bure. Nani atajua?"

"Watajua wote, ulivyo na mdomo," mkewe anamjibu.

Mjohoro wa jirani unaanguka kwa kishindo, vumbi linawafunika. Antipasi anapangusa uso, anamgeukia Febronia.

"Mama, mzee anasema tukuulize wewe. Mahari ya huu mti ilikuwa nini?"

Febronia anaweka bakuli chini. Anahesabu kwa vidole, bila kumtazama mumewe.

"Ng'ombe wawili, mmoja ana mimba. Baiskeli. Mabati ishirini ya nyumba yangu." Anaugusa mti, chokaa mbichi inamganda kiganjani. "Na mimi bado nalala kwenye tembe la udongo."