Masizi Mguuni Mwangu

Majina ya watu wote wa kisa hiki ninayo kichwani, hata la mganga wa kienyeji, lakini hapa siyaandiki.

Mjukuu wangu wa kike anasoma chuo hapa Dodoma. Aliniomba mguu wangu wenye ganzi, aupime kwa mashine anayojifunzia. Akanieleza: inamulika ngozi, damu inapata joto kidogo sana na kutoa sauti ambayo sikio halisikii. Mashine inaisikia, inachora mishipa myembamba kuliko unywele.

"Damu yangu itaimba Kigogo," nikamwambia.

"Iimbe tu, Bibi, ilimradi usitikisike."

Kabla ya kuanza akaniuliza, "Umewahi kuchanjwa dawa mguuni?"

Mwalimu wake alikuwa amesimama pale pale. Tunasali kanisa moja, na mimi ni kiongozi wa akina mama.

"Mimi? Nichanjwe na nani?"

Nilikuwa nimechanjwa. Ganzi ilipozidi nilipanda basi hadi kijiji cha Busi, nikawaambia watu nakwenda msibani. Mganga alinichanja chale saba, akasugua masizi ya dawa. Zilipopona, kwenye ngozi hii ya kizee hazikuonekana ila kwa anayejua zilipo.

Mashine ikaziona. Kwenye kioo palitokea mabaka yaliyofunika mishipa yote. Mjukuu akafuta, akarudia, yakabaki vile vile. Mwalimu akasema, "Umeichezea mashine. Kuanzia leo ataishika mwenzako."

Mimi nimelala pale, nasikia. Nikashusha kitenge, nikaomba maji.

Siku tatu binti hakula vizuri. Alikuwa akirudia hatua zake kwenye daftari, akitafuta alipokosea. Jioni ya tatu, tukiwa nyumbani mtaa wa Kikuyu, akinisongea ugali, nikamwambia habari ya chale.

Hakunigombeza. Aliendelea kusonga.

"Masizi yanameza mwanga, Bibi. Yanapiga kelele kuliko damu. Ungesema tu, ningepima mguu mwingine."

"Basi mwambie Mwalimu."

"Nikimwambia mimi ataona namsingizia bibi yangu."

Asubuhi nikaenda chuoni. Mwalimu akaniamkia, "Shikamoo Mama," kwa heshima ile ile ya kanisani. Nikaketi, nikapandisha kitenge mwenyewe, nikamwonyesha chale moja moja kwa kidole hadi ya saba. Akamwita mjukuu wangu arudi kwenye mashine.

Binti akaingia, akaniwekea mto chini ya mguu mwingine, ule usio na chale. Hakunitazama usoni, na mimi sikumwomba anitazame.