Mashine Inaandika, Nukta Anauliza

Kiti kina mguu uliofungwa waya, lakini Nukta anakikalia kama hakimu. Ni saa tatu asubuhi katika duka la kuchapa na kutoa nakala. Mbele yake seremala mmoja ameshika karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake.

"Dada, hii mashine yenu imeniandikia nini?"

Nukta ana miaka hamsini na minne, na kwa miaka ishirini na sita amekuwa akiwaandikia watu barua. Jina la utani alilipata kwa kutomsamehe yeyote anayesahau nukta. Zamani aliandika barua kumi na tano kwa siku. Tangu mwenye duka, ambaye ni mpwa wake, alete programu ya akili mnemba, akipata nne anashukuru.

"Shangazi, mwisho wa mwezi tutaona kama kiti hicho bado kinahitajika," mpwa alimwambia juzi.

"Kiti kina kosa gani? Sema ni mkaaji wake!"

Nukta alicheka, lakini kiti hicho hakuwa tayari kukiacha. Kazi hii ndiyo iliyomwinua alipofiwa na mume.

Seremala anataka kumwomba radhi dada yake. Hawajasemezana miaka sita, tangu wagombanie kitanda cha marehemu mama yao. Mashine imejaza ukurasa kufumba na kufumbua, haina kosa hata la mkato. Inaanza: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

"Si atadhani nimemkatia maji!"

Duka zima linaangua kicheko. Nukta anavuta karatasi tupu.

"Kitanda kiko wapi sasa?"

"Nakilalia mimi."

"Na usingizi unakuja?"

Seremala anatazama sakafu. "Hauji, dada."

"Basi tuandike hilo."

Mistari mitatu tu: *Dada, kitanda cha mama nakilalia, usingizi sipati. Misumari yote nimeikaza. Njoo ukichukue, au njoo tukikalie wote wawili.*

Seremala anaisoma, anapangusa macho, anasingizia vumbi la mbao.

Mpwa naye anaisoma, mara mbili. "Shangazi, mbona mashine haikumuuliza?"

"Wewe ulimuuliza?"

Mpwa anamrudishia seremala barua yake. Kisha: "Kaa, Shangazi. Mwezi huu na ujao."

Nukta anakubali kwa sharti moja: afundishwe kuitumia mashine. Maombi ya kazi na barua za bima iandike yenyewe, yeye asahihishe. Mwenye jambo la moyoni apite kwake kwanza.

"Na polepole nitaizoesha kuuliza maswali," anasema. "Wewe nilikufundisha kusoma miaka mitatu, na mkato bado unakushinda. Hii haiwezi kuwa mbishi kukuzidi."