Mawe Mezani kwa Mwenyekiti

Nilipopangiwa shule ya msingi karibu na Usagara nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sanduku moja la bati, na godoro nililolifunga kwa kamba ya katani. Nilitoka Bukoba. Kwetu migomba na kahawa vinafika hadi mlangoni na ardhi ni laini. Mawe niliyoyajua yalikuwa mafiga matatu ya jikoni kwa mama. Mwanza nikakuta mawe makubwa kuliko nyumba yamebebana vilimani, na watu wanaanika udaga wa mihogo na nguo juu yake bila hata kuyatazama.

Tulikuwa walimu watano. Mmoja alikuwa Mjita kutoka pwani ya ziwa upande wa Musoma, mrefu, mwembamba, mwalimu wa hesabu na sayansi. Kwenye vikao vya walimu alikuwa hasemi mpaka aulizwe. Jumamosi, tukishamaliza palizi kwenye shamba la pamba la shule, alichukua kikapu, nyundo na tindo la chuma, akaelekea barabara kuu peke yake. Wengine walidhani anatafuta dhahabu. Mke wa mwalimu mkuu aliniambia kwa huruma kwamba ni mtu mzuri, ila mawe yamemwingia kichwani.

Mimi nilifundisha jiografia. Somo la miamba lilipofika, kitabu cha shule kilikuwa kimoja, na ukurasa wenyewe umechanika. Nikaenda kumwomba yule Mjita jiwe la kuonyesha. Dirishani kwake mawe yalikuwa yamepangwa kama vikombe kabatini. Akanipa bonge la ulanga, lile jiwe linalong'aa kama bati jipya na kubanduka karatasi kwa karatasi. Nikalipeleka darasani, na wanafunzi arobaini wakalibandua. Jioni nilimrudishia vipande kwenye bahasha, nimejawa na aibu.

Akachungulia ndani ya bahasha, akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka.

"Ndiyo kazi yake, kubanduka," akasema. "Jumamosi nitatafuta lingine."

"Naweza kuja?"

Akafikiri kidogo. "Jua ni kali, Mwalimu."

"Hata Bukoba jua lipo."

Mahali penyewe palikuwa pale ambapo wajenzi wa barabara walikikata kilima kwa baruti ili lami ipite. Walikuwa wameacha kuta mbili za mwamba, kila upande urefu wa watu wawili waliosimamiana mabegani. Kwa mbali ulikuwa ukuta wa kijivu tu. Yeye akanifundisha kutembea polepole sambamba nao, kichwa nimekiinamisha upande, mpaka kitu kinikonyeze. Kwenye kijivu ilipita mishipa myeupe, na ndani ya mishipa ile ndimo vilimokaa vitu vyake: vipande vyenye ncha vinavyopitisha mwanga kama kioo, mawe ya rangi ya waridi, vijiti vyeusi vyenye mifereji midogo kama vimechongwa na fundi.

Nikamuuliza majina ya mawe hayo aliyajulia wapi. Akasema kabla ya chuo cha ualimu alifanya kazi na wapimaji wa miamba. "Niliajiriwa kubeba mifuko tu. Lakini masikio yalikuwa yangu."

Tulikwenda Jumamosi nyingi. Tulibeba viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya maji. Malori ya pamba yalipita yakatupigia honi. Hakuna neno alilosema ambalo ningeweza kumwandikia rafiki yangu Bukoba kwamba nimetongozwa. Ila aliponipa nyundo alinielekezea mpini. Na kila jiwe alilonipa alilifuta kwanza kwenye shati lake, upande wa kushoto, hata mashati yake yote yakawa na doa lilelile ambalo halikutoka kwa sabuni. Nililiona doa lile darasani, kwenye gwaride, kanisani. Nikaanza kulitafuta kabla sijamwona yeye.

Siku moja tulisogea mbali zaidi, hadi eneo la kijiji ambako hakuna aliyetujua. Alikuwa amepiga magoti, anazungusha tindo taratibu kulitoa jiwe jeupe lenye kijiti cheusi kilichosimama ndani yake, kizima, urefu wa kidole. Ilimchukua karibu saa nzima. Lilipotoka hakunionyesha, alilifunga kwenye leso na kuliweka kikapuni. Hapo ndipo mgambo alipofika, mtu mzima mwenye fimbo na kofia ya kijani.

"Mnachimba nini hapa balabalani?"

"Hatuchimbi, ndugu. Tunaokota mawe."

"Mawe yamejaa kila mahali. Kwa nini haya?"

Mwenzangu alilichukua kama swali la kweli, akaanza kueleza jinsi mwamba ulivyopoa na nafasi zikabaki ndani yake. Mgambo akasikiliza kwa makini hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa. Hayo utamweleza Mwenyekiti."

Siku zile mambo ya magendo yalikuwa midomoni mwa kila mtu, na mwalimu kukamatwa na kikapu cha mawe halikuwa jambo dogo. Nilitembea mbele yao. Kijiji kilikuwa kipya, watu wamehamia karibuni, na ofisi ilikuwa bado inanuka udongo mbichi. Ilishiriki baraza na duka la ushirika, na nje kulikuwa na foleni ndefu ya kina mama waliongoja sukari ya mgawo. Masikio yao yalikuwa hatua tatu kutoka dirishani.

Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akamwaga kikapu chetu juu ya daftari la wanakijiji. Leso ikafunguka.

"Ndugu walimu, madini ni mali ya taifa."

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti."

"Haya ni madini?"

Mwenzangu hakujua kudanganya. "Ndiyo," akasema. "Hata mawe ya msingi wa ofisi hii yana madini. Ila haya hayauziki."

"Kama hayauziki, unayatakia nini?"

Akaokota jiwe moja mezani, akalifuta kwenye shati. Mimi jibu nililijua, kwamba ni mazuri, basi. Nilijua pia kwamba mwanamume mzima hawezi kulisema neno hilo pale, mbele ya mgambo na foleni ya sukari. Mwenyekiti akangoja, kisha akanigeukia.

"Na wewe, Mwalimu, unafuata nini kwenye mawe?"

Sijui maneno niliyapata wapi. "Namfuata yeye. Ni mchumba wangu. Shuleni hatupati nafasi ya kuzungumza, wanafunzi wanatuona."

Nje mazungumzo yakakatika. Mwenyekiti akavua miwani.

"Kijana, ni kweli?"

Mwenzangu alinitazama mimi, hakumtazama Mwenyekiti. Nikaanza kujuta.

"Ni kweli," akasema. "Ila yeye nilikuwa sijamwambia."

Mzee alicheka hadi akakohoa, na nje kina mama wakapokea. Alipotulia aliuliza kama wazazi wanajua. Tukasema bado. "Waandikieni," akasema. "Kijiji hiki tunaanza kuzoeana, sitaki tuanze kwa kuwafungia walimu." Akaturudishia mawe yote isipokuwa lile jeupe lenye kijiti cheusi. Hilo akaliweka juu ya karatasi zake, upepo usizipeperushe, akauliza jina lake. Mwenzangu akamtajia mara mbili, polepole, kwa sauti ya mtu anayeaga.

Tulitembea karibu nusu ya njia ya kurudi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza hatimaye.

"Nilikuwa nangoja nipate jiwe zuri la kukupa."

"Sasa?"

"Leo nililipata. Mwenyekiti amebaki nalo."

Nilisimama katikati ya barabara nikacheka mpaka machozi, naye akabaki na kikapu begani, hajui kama acheke au aombe radhi.

Habari zilifika shuleni kabla yetu. Jumatatu mwalimu mkuu alinipa mkono wa pongezi mbele ya wanafunzi, na nikaupokea. Kwa baba ilikuwa ngumu zaidi. Alijibu barua yangu kwa kurasa nne kwa mwandiko wake wa katekista: Wajita ni watu wa dhehebu gani, wanakula nini, na kwa nini binti yake avuke ziwa lote akaolewe na mvuvi. Nikamjibu kwamba si mvuvi, ni mwalimu. Hakujibu; alikuja mwenyewe kwa meli. Siku tatu alikula ugali na samaki bila kulalamika, na siku zote tatu mvua ilinyesha.

Asubuhi ya kuondoka kwake, bandarini, akaniambia kwa Kihaya, "Kijana wako hakunisifia kitu hata kimoja. Wanaokuja kuoa husifu sana. Huyu jana amenivusha mkondo wa maji kwa mgongo wake, mimi na goti langu bovu, na mpaka sasa hajalitaja." Akapanda ngazi za meli. Juu akageuka. "Mwambie alete barua."

Tulifunga ndoa likizo ya mwisho wa mwaka. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alizaliwa wakati wa kuvuna pamba. Baba yake alikuwa shambani na wanafunzi alipopata habari, akaja hospitalini na vumbi hadi kwenye nyusi. Nesi akamrudisha akanawe. Akanawa, akarudi, akasimama karibu na kitanda, mikono inadondosha maji.

"Ni mdogo sana," akasema.

"Atakua," nikamwambia. "Kaa hapa, nikupe umpakate."