Gunia Huchomwa Pande Mbili

Ilianza Jumanne ya kwanza ya likizo ya Agosti, mwaka wa hamsini na sita, saa nne asubuhi, hospitalini Thika, mama alipofungua vifungo vya blauzi mbele ya daktari Mzungu. Mimi nikageukia ukuta. Tangu niache kunyonya sikuwa nimeliona titi la mama, na pale nililetwa nifasiri, si nione.

Daktari alichoma uvimbe wa titi la kushoto kwa sindano tupu, isiyo na dawa, akavuta. Kilichotoka ni tone tu, rangi ya maji ya nyama. Akalipaka kwenye kipande cha kioo ili alitie rangi na kulitazama kwa darubini, akatuambia tungoje nje kwenye benchi.

Mama hakuogopa. Kazi yake ilikuwa kuchambua kahawa kiwandani kwetu Ruiru, na kila siku aliona magunia yakichomwa kwa chuma chenye mfereji, punje chache zitoke zisemee gunia zima.

"Huyu ni mtu wa kazi yetu," akaninong'oneza. "Ila chuma chake ni chembamba."

Alipotuita, daktari alimtazama mama, kisha mimi. "Mama, hii iko baya. Kansa. Lazima kata titi. Alhamisi."

Kwa Kikuyu sikuwa na neno la kansa. Nikasema ugonjwa unaokula mtu.

Mama akafikiri. "Maitu," akasema. Huniita hivyo, yaani "mama yangu", kwa kuwa nina jina la mama yake. "Mwambie gunia huchomwa pande mbili. Mwenye kahawa akikataa jibu, linachomwa tena upande wa pili." Akatoa titi la kulia.

Daktari alikataa. Mama hakufunga blauzi. Wagonjwa walikuwa wamejaa mlangoni, na mwishowe daktari akachoma, nadhani ili tuondoke. Tukangoja tena.

"Hii safi," akasema. "Lakini ile ingine bado baya. Mwambie."

Nilimwambia. Nilimwambia mara mbili.

"Upande mmoja mbaya, upande mmoja mzuri," mama akajibu. "Gunia kama hilo hatulitupi. Linawekwa daraja la tatu, na la tatu nalo lina wanywaji. Alhamisi nina kazi."

"Mama, wewe si gunia," nikasema.

"Na wewe kahawa umeijulia wapi? Shuleni kwenu mnakunywa uji."

Daktari alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na pasi yetu, kibali cha serikali cha kusafiri, ilitutaka tuwe Ruiru kabla ya jua kutua, tukarudi. Jioni mama aliwaambia majirani kwamba amepimwa mara mbili, na mara ya pili amepita. Wakamshukuru Mungu pamoja naye. Nikasema daktari anataka akatwe. Jirani mmoja akacheka, akasema masomo yananitia woga. Nikarudi kupuliza moto.

Asubuhi iliyofuata, filimbi ya kiwanda ilipolia, mama alishindwa kujifunga kitambaa cha kichwa. Mkono wa kushoto haukufika juu. Alisema ameulalia vibaya. Nikasimama nyuma yake, nikamfunga, nikakaza fundo, kisha nikambebea kikapu hadi kwenye lango la kiwanda.